Jina la Famau: asili yake ni ipi, na kwa nini limeadimika?

#1 Kidau cha Shela
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mtaa wa Shela, lakini kwa upande wa baba tunatoka Siyu, kisiwani Pate. Hati ya ndoa ya babu yangu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, inamtaja kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha inamalizia kwa neno «al-Famau». Kitambulisho cha baba yangu hakina neno hilo, na changu hakina pia. Tumeanza kuandika nasaba ya nyumba yetu kabla wazee hawajatuondokea, na hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa kila niliyemuuliza kuhusu Famau amenipa asili yake: Wachina waliovunjikiwa na jahazi, Wareno waliosilimu, Waarabu waliokuja kutafuta maisha, au watu wa Shanga waliohamia Siyu mji wao ulipokufa.

Mwenye kujua neno hili limetoka wapi, na kama ni ukoo mmoja wenye babu mmoja au ni jina la watu wengi waliokusanyika, naomba anieleze pamoja na ushahidi wake. Vilevile ningependa kufahamu kwa nini halionekani. Hapa Malindi majina kama Maawi, Mazrui na Bakari nayasikia mara kwa mara, lakini Famau ni nadra mno.

#2 Fundi Makubadhi
Wa alaykum salaam. Mimi niko Siyu kwenyewe, na huku jina hilo halitafutwi kwa taa. Tatizo ni kwamba watu wa nje hulichukua kuwa ni jina la ukoo, mfano wa Nabhani au Mazrui, ilhali kwetu Mfamau ni mtu wa upande fulani wa mji. Siyu ya zamani ilikuwa na pande mbili kubwa, Wafamau na Wakatwa, na kila upande ulikuwa na mkubwa wake. Wakatwa huhusishwa na Wasomali wa bara inayotukabili. Wafamau ndio waliotoa Bwana Mataka, aliyesimama dhidi ya majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, na mke wa Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona, aliyemtungia binti yao utendi wa wasia mnamo 1858. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Malindi, ulichokiona kwenye hati ya babu yako ni jina la watu waliotawala.

Kuhusu babu mmoja, sijapata kumsikia mzee yeyote wa Siyu akimtaja babu mmoja wa Wafamau wote.

#3 Ustadhi wa Langoni
Jibu liko wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Kiarabu «fam» ni mdomo na «maa» ni maji. Anayekwenda Siyu kwa chombo hana budi kungoja maji yajae, kisha aingie kwenye hori lililozungukwa na mikoko mpaka afike mjini. Walimu walionisomesha hapa Lamu walitueleza kwamba Wafamau ni watu wa mdomo wa maji, yaani waliokaa penye mlango wa hori na kuulinda. Jina ni la mahali, kama ilivyo kwa mtu wa Lamu kuitwa al-Lamy.

#4 Binti Pate
Ustadhi, kwa heshima zote, maelezo hayo yananitia shaka. Waandishi wa Siyu hawakuwa watu wa kubahatisha Kiarabu. Huo ndio mji uliokuwa ukinakili misahafu iliyopambwa kwa wino wa rangi katika karne ya 18 na ya 19, misahafu ambayo mpaka leo watafiti huja kuitazama. Watu wa namna hiyo wangetaka kusema mdomo wa maji wangeandika kwa kanuni zake, na «al» ingekuwa katikati ya maneno mawili, si mwanzoni mwa neno zima.

Kwetu Pate tumekuta ikisemwa kwamba ni «wafa mai». Katika lahaja zetu maji ni mai, na mfa mai ni mtu anayezama. Wafamau ni watu waliookolewa baharini wakapewa makazi. Hilo linaafikiana na masimulizi yote aliyoyataja mleta mada, kwa maana awe Mchina, Mreno au Mwarabu, kinachobaki kilekile katika kila hadithi ni chombo kilichovunjika.

#5 Ustadhi wa Langoni
Bi Binti Pate, ukinikataza kuacha «al» katikati, nami nakuuliza ni wapi katika lahaja hizo mai huwa mau. Kiamu, Kipate na Kisiu vyote husema mai. Kubadilika kwa irabu ya mwisho bila sababu ni jambo zito kuliko kudondoka kwa «al» katika vinywa vya Waswahili, ambao wamedondosha mengi makubwa zaidi ya hilo.

#6 Msomi wa Mambrui
Nawasalimu. Naomba tuyaweke maneno kando kidogo, tutazame vitu vilivyofukuliwa ardhini, kwa sababu suala la Wachina halistahili kupitiwa juu juu.

Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Misafara ya Zheng He, amiri wa majahazi ya mfalme wa China, ilikuwa saba, kuanzia 1405 hadi 1433, na baadhi yake ilifika pwani hii. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata hapa Mambrui sarafu ya shaba ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala mpaka 1424, na mwaka 2013 ikapatikana nyingine ya mfalme huyohuyo kisiwani Manda, jirani kabisa na Pate. Kaburi letu la mnara hapa Mambrui lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Kisha yako masimulizi ya Pate yenyewe: jahazi la Wachina lilipasuka kwenye mwamba, mabaharia wakaogelea mpaka pwani ya Shanga, wakaruhusiwa kukaa baada ya kumuua chatu aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakasilimu na kuoa. Shanga lilihamwa mapema katika karne ya 15, yaani karibu na wakati wa misafara hiyo, na watu wake wakahamia Siyu na kwingineko. Mwandishi wa gazeti la Marekani, Nicholas Kristof, alifika Pate na kuandika mwaka 1999 kuhusu Wafamau waliomwambia kuwa wana asili ya Kichina. Mwaka 2005, China ilipokuwa ikiadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza ya Zheng He, msichana wa Siyu alipewa nafasi ya kwenda kusomea utabibu huko kwa msingi wa masimulizi haya.

Zaidi ya hayo, wapo wanaosema kuwa Shanga lenyewe ni Shanghai.

#7 Mkanda
Msomi, umekusanya mambo mengi ya kweli, lakini naona yanabebeshwa mzigo usiokuwa wao.

Nianze na Shanga. Uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mji ule ulianza karne ya 8, na chini ya msikiti wa mawe alikuta alama za misikiti midogo zaidi iliyojengwa kwa miti. Zheng He alipong'oa nanga, Shanga lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 600. Shanghai ya wakati ule ulikuwa mji mdogo tu, na misafara ilijiandaa Nanjing na kwenye pwani ya Fujian. Mabaharia wachache waliookolewa wasingeweza kuupa jina mji uliowatangulia kwa karne nyingi, na jina lenyewe likatokana na mji ambao hawakutoka.

Pili, bakuli la Kichina ni ushahidi wa biashara. Vyombo vya China vilikuwa vikifika Shanga karne nyingi kabla ya nasaba ya Ming, kwa mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba na wa India, na sarafu husafiri kwa njia hiyohiyo. Tukisema penye bakuli pana damu, basi nusu ya makaburi ya pwani hii yatakuwa ya Wachina.

Tatu ni vinasaba. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Manda na Faza zikiwemo, na katika mji mmoja wa bara. Ulichoonyesha ni asili ya Kiafrika, zaidi kwa upande wa akina mama, pamoja na asili ya Kiajemi kwa upande wa akina baba, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000. China haikujitokeza katika picha hiyo.

#8 Msomi wa Mambrui
Ndugu Mkanda, Faza si Siyu, na Manda si Siyu. Watu waliochunguzwa hawakuwa Wafamau wanaojulikana kwa jina. Kama waliookoka walikuwa kundi dogo lililooa katika nyumba chache, utafiti wa miji mingine hauwezi kuwaona, na kutoonekana kwao huko si hoja dhidi yao. Kuhusu Shanghai nakubaliana nawe, na ndiyo maana nilisema wapo wanaosema.

#9 Nahodha Mstaafu
Nimepita maji ya Pate kwa miaka mingi, kwa kusi na kwa kaskazi, na nina neno kuhusu hilo jahazi. Shanga liko upande wa kusini wa kisiwa, kwenye maji yenye miamba na mafungu ambayo mgeni hawezi kuyasoma. Chombo kikubwa hakina kazi ya kusogea hapo ila kimesukumwa. Kwa hiyo kuvunjika kwa jahazi hapo ni jambo linaloaminika kabisa, ila bahari haiwaulizi watu taifa lao. Kila karne vimevunjika vyombo pale, vya Oman, vya Hadhramaut, vya India na vya Wareno. Kwa nini tumtafute mmoja?

Nilikuwa nikimsikia marehemu baba yangu akisema Wafamau wana damu ya Kireno, kwamba walikuwa askari waliobaki.

#10 Mkanda
Mzee Nahodha, hilo la Wareno lina mahali pa kuanzia. Mlangoni mwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna maandishi ya mawe ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, na ndani yake imetajwa kwamba aliziadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji hiyo. Siyu imeandikwa humo kwa jina lake. Hivyo Wareno walifika Siyu, hilo halina ubishi, ila walifika kubomoa, na sioni jinsi askari wa jeshi lililobomoa kuta za mji walivyogeuka kuwa wakubwa wa mji huohuo.

#11 Fundi Makubadhi
Nami ningependa kuuliza ni vipi watu walioogelea kutoka jahazini, kama asemavyo Msomi, waliupata ukubwa wa mji. Mgeni aliyeokolewa hupewa chakula na mke, hapewi kiti. Ndiyo sababu naamini kwamba Famau lilikuwa jina la wageni wote walioingia Siyu kwa nyakati mbalimbali wakaungana, wakawa na nguvu kwa wingi wao na kwa biashara yao. Siyu ilikuwa mji wa mafundi: ngozi, viatu, milango ya kuchonga, kunakili vitabu. Mji wa mafundi huvuta watu. Kila aliyekuja na asiye na upande alitiwa katika Wafamau. Ndani yake huenda alikuwamo Mchina, na Mreno, na Mwarabu, na Mbajuni, na kila nyumba imehifadhi hadithi yake ikadhani ndiyo hadithi ya jina lote.

#12 Binti Pate
Fundi, watu wa Siyu mna desturi ya kuona kila jambo kubwa limeanzia kwenu. Pate ilikuwa na wafalme wake Wanabhani wakati Siyu bado inachonga milango yetu.

#13 Fundi Makubadhi
Na milango tuliichonga vizuri, Bi, ndiyo maana mlirudi kuagiza mingine.

#14 Mwana wa Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Hoja ya Fundi katika #11 imenikumbusha jambo ambalo huenda litamsaidia mleta mada katika swali lake la pili, la kuadimika. Huku Waswahili wa asili wamegawanyika katika mataifa kumi na mawili, nayo ni Tisa Taifa na Thelatha Taifa, yaani mataifa tisa na mataifa matatu. Ndani ya Tisa Taifa wamo Wapate, Wapaza waliotoka Faza, Washaka, Wabajuni, na wamo Wakatwa. Tazameni basi: Wakatwa, wenzao Wafamau katika ule mji wa pande mbili alioueleza Fundi, wana taifa lao linalotajwa Mombasa, lakini Wafamau hawana. Naona sababu mbili zinazowezekana. Ama waliohama kuja Mombasa walikuwa Wakatwa peke yao, na Wafamau wakabaki kwao kwa kuwa walikuwa na kitu cha kubakia nacho, ama Wafamau walipofika huku walijiandikisha kwa jina kubwa zaidi, wakawa Wapate.

#15 Kidau cha Shela
Shukrani kwa wote. Maelezo ya #14 yamenigusa kwa sababu ya historia ya Malindi. Mji wetu ulikuwa umekufa kabla ya kuhuishwa tena katika zama za Masultani wa Zanzibar, mnamo miaka ya 1860, kwa mashamba ya mtama, na waliokuja kulima na kufanya biashara walitoka sehemu nyingi, Lamu na Pate zikiwemo. Mtu akihamia mji mpya hutajwa kwa mji alikotoka. Huyu ni Msiyu, yule ni Mwamu. Nadhani babu wa babu yangu alifika hapa akiitwa Msiyu na majirani, huku yeye mwenyewe akiendelea kujiandika Famau kila alipokwenda kwa kadhi.

#16 Karani wa Zamani
Nimefanya kazi ya kuandikisha watu kwa muda mrefu katika wilaya mbili za pwani, na ningependa kuongeza upande ambao haujaguswa. Kuadimika kwa majina haya kumetokana kwa sehemu kubwa na fomu. Fomu ilitaka majina matatu. Mswahili anayeulizwa jina husema lake, la baba na la babu, na hapo nafasi zimekwisha. Nisba, yaani jina la ukoo au la asili kama al-Famau, ilikuwa ya nne, nayo ikaachwa nje, isipokuwa kwa mtu aliyesisitiza au aliyekwisha kuzoea kuiweka badala ya jina la babu. Matokeo yake ni kwamba koo zilizokuwa na shughuli na serikali mapema, ambazo wazee wao walikuwa makadhi, mamudiri na wenye mashamba yaliyopimwa, zimehifadhi nisba zao katika karatasi, na zile za wavuvi, mafundi na wakulima zimezipoteza. Anayehesabu majina kwa kutazama daftari la leo anahesabu tabia ya fomu, hahesabu watu.

Pia yapo maandishi tofauti ya jina hilohilo. Nimeliona likiandikwa Famau, Famao, na mara moja Fumau, na anayetafuta kwa tahajia moja hupitwa na mengine.

#17 Nahodha Mstaafu
Hilo la Fumau lisije likawa ndilo lenyewe. Fumo ni cheo cha wakubwa wa pwani ya kaskazini. Tunaye Fumo Liyongo katika tenzi, tunao akina Fumo wa Pate, na tunaye Fumo Bakari wa Witu aliyefariki mwaka 1891. Kama Wafamau walikuwa watawala, cheo kingeweza kugeuka jina.

#18 Ustadhi wa Langoni
Mzee wangu, hapana. Fumo ni cheo kilichotumiwa zaidi na Wanabhani, na Siyu ilishindana nao. Wakubwa wa Siyu walijulikana kwa Bwana na Shekhe. Isitoshe, mwenye hati ya ndoa ameiona «fa» imeandikwa, na mwandishi wa Kiarabu aliyetaka kusema «fu» angetia dhuma au wau, yaani alama au herufi ya sauti ya «u».

#19 Mjukuu wa Famau
Nimesoma uzi wote na nimeona niseme. Katika nyumba yetu Famau ni jina la kwanza. Babu yangu mzaa baba aliitwa Famau, kama vile mwingine anavyoitwa Bakari, na alipewa jina hilo kwa kumkumbuka mtu aliyemtangulia. Kwa hiyo baba yangu ana Famau katika jina lake la pili, mimi ninalo katika la tatu, na watoto wangu hawatakuwa nalo kabisa kwa ile desturi ya fomu aliyoieleza Karani. Sisi hatujioni kuwa ni Wafamau wa Siyu. Asili yetu ni Kizingitini, ni Wabajuni. Naomba tusidhani kwamba kila penye jina hilo pana ukoo huo.

#20 Msomi wa Mambrui
Mjukuu wa Famau, ushahidi wako ni muhimu sana. Je, huyo aliyekumbukwa kwa jina hilo alikuwa nani? Huenda alikuwa mjomba, na kama bibi yenu mmoja alitoka Siyu jina lingeweza kuingia kwa mlango wa mama.

#21 Mjukuu wa Famau
Shangazi yangu anasema alikuwa rafiki wa baharini wa baba yake babu. Walivua pamoja.

#22 Kidau cha Shela
Jana nilizungumza na mke wa marehemu ami yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki na karatasi za nyumba. Amenitolea hati nyingine, ya ndugu yake babu yangu, baba mmoja mama mmoja. Majina matatu ya mwanzo yanafuatana kama inavyotakiwa, ila yeye hakuandikwa al-Famau. Ameandikwa Shirazi. Hati zote mbili zimetoka Malindi, na tofauti yake ni miaka michache tu. Fundi, Ustadhi, nawasikiliza.

#23 Fundi Makubadhi
Basi ndilo nililokuwa nikilisema. Ndugu wawili wa tumbo moja hawawezi kuwa na asili mbili za damu. Mmoja alitaja upande wa mji wake, mwingine alitaja asili ambayo pwani nzima huidai. Famau lilikuwa jina la mahali mtu aliposimama, na mtu aliweza kulivaa au kuliacha kulingana na aliyekuwa mbele yake.

#24 Binti Pate
Au mmoja wao alikuwa akioa kwa watu ambao neno Shirazi lingewaridhisha zaidi. Mambo ya ndoa na usawa wa nasaba yana nguvu zake, na Malindi ya wakati ule watu walikuwa bado wanapimana. Ninachotaka kujua ni bibi harusi katika kila hati alitoka nyumba gani.

#25 Ustadhi wa Langoni
Kabla ya kufika kwenye bibi harusi, mleta mada atazame jina la mwandishi chini ya kila hati. Kama hati mbili zimeandikwa na mikono miwili tofauti, inawezekana ndugu wote wawili walitaja kitu kimoja, na mwandishi wa pili, asiyelijua neno Famau kwa kuwa si mtu wa visiwani, akaweka alilolijua. Nimeona jambo hilo katika wakfu za hapa Lamu, ambapo mtu mmoja ana nisba mbili katika karatasi mbili kwa sababu makatibu walikuwa wawili. Hoja ya Fundi itasimama tu ikiwa mwandishi ni mmoja.

#26 Kidau cha Shela
Ustadhi, mkono ni mmoja. Jina la mwandishi ni lilelile katika hati zote mbili. Za mabibi harusi nitazisoma kesho, kwa kuwa sehemu hiyo ya hati ya pili imeliwa na mchwa.